Vidole vya Salumu

Baba Salumu,

Ulikuwa mkaidi, ukafa na ukaidi wako, ukaniachia mimi kuufagia. Salamu nakuletea kila Ijumaa hapo kaburini. Leo nimeleta ugomvi.

Wosia wako ulisema nyumba yetu na ya dada yako Mwanahawa zisioane kamwe, kwa kuwa alimroga mwanetu. Sasa mjukuu wako Zuhura anaposwa na mjukuu wa Mwanahawa, kijana wa Mkange, mswalihina, mchapakazi. Zuhura analia tu, anasema babu kamfungia mlango.

Juzi nikamsindikiza hospitali kupima damu. Nesi, binti mdogo tu, akanikalisha. Akasema kwenye damu mna protini inayobeba hewa, na jeni ndiyo yenye maelekezo ya kuitengeneza. Protini hizo nazo zina ukoo, unaitwa globini. Ndugu mmoja anakaa kwenye misuli. Mwingine humhudumia mtoto tumboni, na miezi michache baada ya kuzaliwa humwachia kazi nduguye. Huyo nduguye akiwa na kasoro iliyotoka kwa baba na kwa mama, hapo ndipo ugonjwa wa selimundu unapojitokeza.

Nikamwuliza kama vidole huvimba. Akasema, "Bibi, mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza."

Baba Salumu, unakumbuka? Salumu wetu, mtoto mzima, ananyonya, anacheka. Mwanahawa akaja na kanga ya zawadi, akampakata, na kesho yake vidole vimevimba kama ndizi mbivu. Ukaitupa kanga jalalani. Hukumpa tena mkono dada yako. Hata siku ya maziko ya Salumu ulimrudisha njiani, na mimi nilikuwa dirishani, nikanyamaza. Nilisema moyoni, afadhali wamlaumu yeye kuliko mimi niliyemzaa.

Kumbe tulimpa wenyewe. Nusu wewe, nusu mimi.

Zuhura amekutwa na hiyo nusu. Haumwi, lakini anayo. Kijana akiwa nayo pia, wanaweza kumzaa Salumu mwingine. Kwa hiyo atapima kwanza, ndipo posa ipokelewe, na hilo simbembelezi mtu. Lakini ule wosia wa uchawi nimeuvunja. Ukitaka kesi, tutasikilizana nikija huko.

Jumamosi nakwenda Mkange. Nimenunua kanga nyingine, namrudishia Mwanahawa kwa mikono yangu, na radhi nitaiomba kwa ajili yetu sote wawili. Hiyo ahadi nakupa.

Haya, pumzika, mume wangu. Ila kwanza mshike Salumu vidole vyake, umwambie shangazi yake hakumfanya kitu. Mwambie leo.