Paka Wako Hakuwa Akiomboleza

Baba,

Kreta amekufa. Nimemzika leo asubuhi nyuma ya zizi, na sikutaka mtu anisaidie.

Tangu tulipokuzika alijikunyata juu ya koti lako la kaki, lile ulilovaa miaka yote ukiwashusha watalii kule kreta, bonde la wanyama ulikompatia jina. Hakula. Waombolezaji walikuja mpaka chumbani kumtazama wakifuta machozi: "Jamani, hata paka anamlilia!" Shangazi Paskalina akakataza asisumbuliwe. "Mwacheni aomboleze," akasema, na wewe unamjua dada yako, akishasema amesema. Hata paka alipotapika povu la njano walisema ni uchungu wa msiba.

Msiba gani, Baba? Paka yule hakukujali isipokuwa siku za dagaa. Ulikuwa ukimwita, anakugeuzia mkia, nawe unacheka.

Turubai liliposhushwa nilimtia kwenye kapu, nikapanda bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo hapa Karatu mjini. Alipombonyeza tumbo, Kreta alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Daktari akasema huenda kongosho limevimba ghafla. Ndilo linalotoa maji ya kusaga chakula. Likivimba, linaanza kujisaga lenyewe. Lakini hakuapa. Paka aliyekula panya mwenye sumu hujikunyata vilevile, aliyemeza uzi vilevile, mwenye figo mbovu vilevile, na kipimo cha kutofautisha hakuwa nacho. Akamtundikia dripu, akamchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kuzuia kutapika. Kisha akanionyesha masikio kwa ndani. Yalikuwa manjano. Njaa ilikuwa imeshafika kwenye ini.

"Mbona mmemchelewesha hivi?"

Nikamjibu, "Walisema anaomboleza." Maneno ni yaleyale waliyoyasema juu yako. Mama alipofariki uliacha kula, ukawa unashika tumbo, nikapiga kelele twende hospitali. Wakaniambia mzee anamlilia mkewe, niache utoto. Na wewe, uliyenifundisha zizini kwamba ng'ombe asiyekula anaumwa, mengine hadithi, ukawakubalia! Nina hasira na wewe, Baba. Nakupenda na nina hasira na wewe.

Sijui kama lako lilikuwa kongosho au kitu kingine. Hakuna aliyekubonyeza tumbo.

Sasa ni Shangazi. Tangu matanga yaishe anakunywa chai ya rangi tu, uji anausukuma pembeni, na jana nilimkuta jikoni ameinama kashika ubavu. Aliponiona akajifanya anatafuta mwiko. Majirani wameshaanza kusema, masikini, anamlilia kaka yake.

Pumzika, Baba. Mwite Kreta, safari hii labda atakuja.

Nami nakuahidi hili: katika nyumba yako hakuna atakayeacha kula tena, sisi tukakaa tunamsifu kwa upendo. Nimeshaongea na mwenye gari, kesho asubuhi nampeleka Shangazi hospitali. Atanitukana kwa Kiiraqw, akimaliza atanitukana kwa Kiswahili, na majirani watasema sina adabu. Akigoma kupanda gari nitambeba.

Amekuwa mwepesi sana, Baba.

Mwanao,
Regina