Nilipuliza Filimbi, Wakamfuata Ildefonsa

Shangazi Suzana, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni msimamizi wa ghala na mashine ya kukoboa mahindi hapa Runazi, nina watu saba chini yangu na kazi naijua, nina daftari la mahudhurio, ratiba ukutani, filimbi shingoni, na anayekwenda chooni anasaini. Jumanne tulikuwa tumeanika mahindi uani, mawingu yakafunga ghafla, nikapuliza filimbi, nikaita, "Wote mstari!" ili nigawe majukumu, na nilikuwa bado natafuta kalamu matone yalipoanza, ndipo Ildefonsa, mama anayeshona magunia, akavua ndala akasema, "Jamani, mahindi ya watu haya! Juvenali, shika turubai huku na mimi!" wakamfuata wote mbio, hata mlinzi aliyekuwa amelala, mimi nikabaki mstarini peke yangu, nimelowa chapachapa. Mahindi yakapona. Jioni tajiri mwenye ghala akapiga simu kutoka Biharamulo mjini kuuliza nani kaokoa mali, na ulimi ukateleza, Shangazi, nikasema, "Ni mimi, bosi." Sasa Ijumaa anakuja kunipongeza mbele ya wote, na Ildefonsa bado ananisalimia kwa heshima, bora angenitukana. Je, nimpe mapumziko siku hiyo?

Mashimba, Runazi

Marahaba, Mashimba. Nimecheka, kisha nikakasirika. Ulimi gani huo unaoteleza mpaka kwenye sifa? Na ukimficha huyo mama, wale sita utawaficha wapi?

Daftari lako silikatai, bila hilo ghala lingekuwa vurugu tupu. Huko ndiko kusimamia, na kunawafikisha watu kazini. Lakini nani amewahi kukimbia kwenye mvua kwa sababu alisaini? Ildefonsa alimwita mtu kwa jina, na turubai alilishika yeye kwanza. Wewe, jina la mtoto wa Juvenali unalijua? Unajua tu baba yake kachelewa mara ngapi!

Mpigie tajiri leo, usingoje Ijumaa. Mwambie, "Nilidanganya, ni Ildefonsa na wenzake." Atafoka, nawe msikilize mpaka amalize. Kesho asubuhi waambie wafanyakazi hivyo hivyo kwa mdomo wako, umwombe radhi huyo mama, kisha umuulize mvua ijayo mjipange vipi, na ufanye atakavyosema. Utaona aibu, pole sana, haiui.

Ijumaa tajiri akifika, Ildefonsa akae mbele. Wewe simama nyuma kabisa, na upige makofi kuliko wote.