Chungu Karibu na Moto

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Marani tuko salama. Babu yako bado anakohoa, na magoti yangu yamekataa kupanda shamba la majani chai. Nimechoka, lakini umeniuliza kwa nini mvinyo wako wa ndizi unageuka siki huko Mombasa. Ni joto. Weka mtungi ndani ya beseni la maji, uufunike kwa gunia lililoloweshwa. Ukiugusa, uwe baridi kidogo kuliko kiganja chako.

Nilipokuwa nimeolewa juzi tu, nilipewa chungu cha pombe ya wimbi nikitunze, ya watu waliokuja kutulimia. Kwa baridi ya huku niliona inachelewa kuiva, nikakisogeza karibu na moto. Ikachacha vibaya. Wazee walionja, wakakunja uso. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema, "Ni mimi nilikisogeza. Uzee huu." Wakamcheka yeye. Hakulitaja tena, nami sikumshukuru mpaka tukamzika.

Jana mama yako alikuja na hasira kwamba mtoto wa Wasabato anatengeneza pombe. Nikamwambia ni mimi niliyekutuma. Akikupigia simu, usinikanushe.

Nyanya yako