Mjukuu Akiduwaa

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, cherehani nne, na daktari aliyenikataza tumbaku. Suti nzima nashona bila kuandika vipimo! Basi mwalimu asinitishe. Eti mjukuu wangu amebaki nyuma darasani, maneno yanampotea, eti ni kifafa. Kifafa ni cha kuanguka. Tangu aanze vidonge hajaanguka tena. Uvivu tu. Nimemwambia mama yake, binti yangu — niachie mimi, ashinde hapa dukani, nitamfundisha.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwonyesha mkasi. Nini hiki? "Babu, ni ile... ile ya kukatia." Jana alikuwa anaujua! Mteja wa suruali akacheka: fundi, huyu ndiye mrithi wako? Tutavaa magunia! Nikaona haya. Nikauliza tena. Mtoto ametoa macho ukutani, midomo inatafuna hewa. Naita — kimya. Dharau hiyo! Nikamchapa mkononi kwa futi ya mbao ya kupimia. Hata hakushtuka. Baadaye akapepesa macho: "Babu, umesemaje?"
Mama yake sijamwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Tena leo. Nimechapa tena.

Jumanne, 12 Machi
Kliniki. Naandika benchini, nje ya chumba.
Daktari ni binti mdogo, lakini anajua kueleza. Kipo kifafa kisichoangusha. Mtoto anaduwaa, macho yanaganda, midomo inatafuna, hasikii kitu. Kila akiduwaa somo linakatika, maneno hayashiki. Kama yanampata hayo, dawa ibadilishwe leo. Kama hayampati, ibaki ileile. Nani anashinda naye?
Binti yangu akajibu kwa fahari: ni baba yangu huyu, hapitwi na kitu.
"Mzee wangu, umewahi kumwona hivyo?"
Nimesema hapana.
Hapana! Mimi! Ningesema ndiyo, wangeuliza nilimfanya nini.
Mtoto akanitazama. Akasugua mkono wake. "Babu... na ile... ile ya..." Mama yake akamwambia, nyamaza mwanangu, wakubwa wanaongea. Nikasingizia kikohozi, nikatoka.
Mlango uko wazi. Namwona daktari anaandika dawa. Ileile. Miguu yangu hii iliyosimama kazini miaka yote — haitaki kunyanyuka.
Niliyoandika hapa ni kweli tupu. Shahidi ninaye mmoja tu. Yumo mle ndani, mdomo wazi, bado anatafuta neno.