Pazia Lako la Piramidi

Kaka Saleh,

Nimerudi. Boti ilitushusha bandarini Kalundu juzi asubuhi, nikatembea hadi Kimanga, hapa kwetu Uvira, na mzigo kichwani. Watu wawili walionijua waligeuza uso, nadhani hawakujua waniambie nini. Kwamba umekufa nilikuwa nimeshasikia nikiwa Kigoma, kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kupanda gari. Jinsi ulivyokufa nimeambiwa jana tu, na wifi Sifa. Ndiyo maana nakuandikia.

Pazia ulilolichora bado limetundikwa kwenye chumba ulichokuwa unapigia picha. Wifi anapikia humo siku hizi, na moshi umelipa rangi ya chai. Lakini piramidi inaonekana, na ziwa letu nyuma yake, na wale wanawake wako wenye vyungu.

Nilikucheka sana kwa wale wanawake. Ulikuwa umenakili piramidi kutoka kwenye kalenda ya yule Mgiriki mwenye duka, na kwenye kalenda palikuwa na mchanga na mbingu, basi. Ukanionyesha: "Weye Mariamu, angalia. Bantu iko wapi, watu wenyewe? Mawe yote haya, nani alikuwa anawapikia wenye kuyabeba?" Ukasema aliyepiga ile picha aliwafukuza watu kwanza. Ukachora nyumba, vyungu, mbuzi, nguo kwenye kamba. Mgiriki alipoliona alisema umeharibu piramidi. Wewe ukasema umeirudishia majirani.

Mwaka wa uhuru watu walipanga mstari hadi barabarani ili wapigwe picha mbele ya pazia hilo. Wachungaji wa ng'ombe walishuka kutoka milimani na fimbo zao. Maharusi walikuja, na makarani wenye tai za kuazima. Na uasi ulipoanza, wale waliokuwa wanaingia porini wakaja pia.

Siku yetu ya kuingia porini tulikuwa saba. Mimi nilisimama katikati na koti langu jeupe la dispansari. Ulipiga picha, kisha ukanivuta pembeni wenzangu wakiangalia. "Minye sikatai uende kutibu watu," ulisema. "Lakini rudisha hilo koti, uvae nguo ya kawaida. Koti jeupe linaonekana mbali." Ulikuwa unaniogopea, kaka. Mimi nikasikia unanidharau mbele ya wenzangu. Nikakujibu, "Kaa hapa na mbuzi zako za rangi." Nikatoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoyasikia kutoka kwangu.

Koti nililivua siku ya tatu, karibu na Nyakabere, risasi zilipoanza kutufuata kwenye mashamba ya pamba. Ulisema kweli. Tulipoteza watatu pale bondeni. Baadaye nikatumwa kuvusha majeruhi kwenda ng'ambo ya ziwa, na kutoka huko wachache waliokuwa na hali mbaya wakapelekwa Misri kutibiwa, na mimi nikiwa nao.

Misri, kaka! Nilikaa wiki nyingi hospitalini kabla sijapata siku ya mapumziko. Siku hiyo nikapanda basi peke yangu kwenda kuitafuta piramidi yako.

Nilitegemea jangwa. Basi lilipita majumba, halafu mfereji wenye nyati wa kufugwa, mashamba ya majani, punda, majumba tena. Nikadhani nimepotea. Tukakata kona, na juu ya kamba ya nguo, nyuma ya suruali ya mtu, nikaiona. Iko palepale, kaka. Mji unaigusa. Unashuka kwenye basi na mtu anakuuzia mahindi ya kuchoma. Kuna harufu ya mikojo ya ngamia na vitunguu vya kukaanga, watoto wanapiga mpira, na wanawake wanasugua masufuria mlangoni.

Nilimwamkia bibi mmoja kwa Kiarabu changu cha madrasa. Alicheka, akaniletea kigoda. Nikamuuliza anajisikiaje kuishi chini ya kitu kikubwa vile, kinachojulikana dunia nzima. Akaitazama kama mtu anayetazama ukuta wa jirani mkorofi. Akasema inamzibia jua la jioni, nguo hazikauki.

Nililia pale kwenye kigoda. Bibi akadhani nina njaa, akanipa mkate na maharage. Nilikuwa nawaza nitakavyokuja kukuambia, utakavyopiga paja na kusema, "Nilikuambia nini?" Hesabu ya siku inaonyesha ulikuwa umeshazikwa.

Sasa hili la wifi. Anasema askari wa serikali waliporudi mjini walianza kutafuta sura za waliokwenda porini, na mtu akawakumbusha kwamba sura zote ziko kwako. Rafiki yako mmoja alikuja kukuonya asubuhi. Hukuwa na muda wa kuchagua. Uliingiza filimu zote kwenye pipa nyuma ya nyumba, harusi, uhuru, ubatizo wa watu, ukawasha. Walipofika ulikuwa bado unakoroga majivu kwa fimbo. Walikupiga hapo uani mpaka hukuweza kusimama. Walikuuliza majina. Wifi alikuwa anasikia kila kitu kutoka ndani, na hukutaja hata moja. Uliishi siku tano.

Kati ya wale saba tuko hai wanne. Mmoja anafundisha shule, mmoja anavua samaki, mmoja ana watoto mapacha. Hawajui. Nitakwenda nyumbani kwa kila mmoja nimwambie kwa nini hakuna aliyekuja kumgongea mlango.

Na mimi, nisamehe. Nisamehe lile neno. Nililisema kwa sababu nilikuwa naogopa, na wewe ulikuwa umeliona hilo.

Leo asubuhi nimesoma Fatiha kwenye kaburi lako. Amina, binti yako, alikuja nami. Ulimwacha tumboni, sasa ana miaka mitano na anauliza maswali kama polisi. Njiani kurudi aliniuliza baba yake alikuwa na sura gani. Nikatafuta kichwani picha yako ya kumwonyesha, na hapo ndipo nikaelewa kwamba hakuna. Uliupiga picha mji mzima, na hakuna aliyewahi kukuelekezea wewe ile apareyi, kamera yako.

Basi nimekaa naye kizingitini nikampa kioo cha mama yake. Nikaanza na masikio, kwa sababu hayo anayo. Nikamwambia, ona sikio lilivyokunjika hapa juu, hilo ni la baba. Amelishika mchana kutwa. Hata sasa ninavyoandika analishika.

Kesho nitampa pua. Nakuahidi, kaka, sitaondoka Uvira kabla hajaijua sura yako yote.

Lala, Saleh. Mungu akulaze pema.

Dada yako,
Mariamu