Kwa Shemasi Wetu, Uliyeinama Tukaitikia Amina

Mwaka umetimia, Shemasi wetu, tangu asubuhi ile pumzi ilipokuishia mikononi mwa mama yako. Uliishi mwaka mmoja na miezi saba. Jina la Shemasi tulikupa sisi, na leo tunaeleza mbele za watu kwa nini tulikupa.

Ulikuwa na miezi mitano. Nyumba yetu huanza siku kwa sala, nawe ulizoea kuamka sala ikiendelea. Asubuhi moja, ukiwa mapajani mwa bibi yako, uliinamisha kichwa ghafla, mikono ikaruka mbele. Ukatulia. Ukainama tena. Na tena.

"Amina!" akasema bibi. "Jamani, mtoto anasujudu!"

"Huyu atamshinda mjomba wake," akadakia shangazi, "aliyeokoka mara tatu na shingo bado ngumu."

Tulicheka mpaka sala ikakatika. Tangu siku hiyo tukakuita Shemasi, na kila ulipoinama tuliitikia Amina. Ulipolia mwishoni, tulisema umeguswa.

Degedege tulilijua: homa, macho kugeuka, mwili kukakamaa. Wewe hukuwa na homa. Ulipoacha kutabasamu, baba yako alijigamba kwa mafundi magodoro wenzake kwamba mwanawe si mtu wa kuchekacheka ovyo. Ulipoacha kututazama usoni, tulisema unamtazama Mungu.

Mama yako alikuwa akisoma darasa la jioni, kalamu ikimtoa jasho kuliko ufagio wa kazini. Mwalimu akawaambia waandike sentensi tano kuhusu mtu wa nyumbani. Akakuandika wewe:

"Mwanangu anainama akiamka. Anarusha mikono. Anainama mara kumi na saba. Kisha analia. Zamani alikuwa anacheka."

Alipata tisa kwa kumi. Chini yake mwalimu akaandika: "Umeeleza vizuri sana." Jumapili mama yako alizisoma sentensi hizo kanisani, na watu wakasimama kupiga makofi.

Aliyekutambua alikuwa muuguzi wa kliniki, siku ya kupima uzito. Uliamka kwenye mizani, ukaanza.

"Mama, mambo haya yameanza lini?"

"Mambo gani, sista? Huyo anaomba."

Sista hakucheka. Siku hiyohiyo mlikuwa hospitali kubwa, nyaya zimebandikwa kichwani mwako.

"Hiki ni kifafa cha watoto wachanga," daktari akasema. "Hakina povu wala homa. Huja hivihivi, kuinama na kuinama, hasa mtoto akiamka. Kilianza lini?"

Mama yako, kwa fahari ya mtu mwenye jibu la maandishi, akafungua daftari. Tarehe ilikuwa juu ya ukurasa. Daktari akasoma sentensi zote tano, akageukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Wiki tisa.

"Ningemleta siku hii?" mama yako akauliza, kidole juu ya tarehe.

"Nafasi ya kuiokoa akili yake ingekuwa kubwa zaidi," akajibu. Akalitazama tena daftari. "Umeeleza vizuri sana, mama."

Dawa ilikomesha kuinama ndani ya siku kumi. Tabasamu halikurudi, wala shingo haikukaza. "Wamemnyamazisha," bibi alinong'ona, kwani tulikuwa tumezoea kukuona ukiinama. Bado ulipenda harufu ya sabuni viganjani mwa mama yako, ulitulia ukiinusa. Alikulisha kwa kijiko, amekuketisha wima kama alivyofundishwa, hadi uji ulipopotea njia ukaingia kifuani, na kifua kikakushinda.

Nawe unayesoma, mtoto wako akiamka na kuinama hivyo, usingoje amalize. Mbebe uende.

Wanaokukumbuka ni bibi yako, aliyeitikia wa kwanza, shangazi yako, ambaye siku hizi hatanii, baba yako, mwalimu wa jioni, aliyekuja mazishini akaomba daftari aifute ile tisa, akanyimwa, na mama yako, ambaye bado anaomba kila asubuhi, ila hafumbi tena macho.

Siku zote tutakukumbuka, Shemasi, kwa jina hilohilo tulilokukosea nalo.