Royce Sedlacek: Msimu Walioushinda kwa Jina Lako

Mwaka umetimia, Royce, tangu Jumamosi ile ya joto kali ya Agosti, na kinachonijia kwanza bado ni shingo yako. Nilikuwa nimesimama nyuma ya uzio wa uwanja, ukageuka, nikaona shingo yako ni kavu. Wenzako wote walikuwa wakichuruzika jasho kama watu waliotoka mtoni. Wewe, uliyekuwa ukilowesha shati kwa kunywa supu tu, ulikuwa mkavu.

Ulikuwa mtu mkubwa mwenye mikono ya upole. Jumapili ulimkanda Bibi Ludmila miguu, kisha ukala maandazi yake ya mbegu za popi mpaka akakufukuza kwa mwiko. Theluji ikifunga barabara, ulitoka na trekta kuwavuta majirani, ukarudi na mafua na kicheko. Mama alipougua nikaacha shule darasa la sita ili nikamue ng'ombe, ni wewe uliyekaa nami zizini ukinisomea vitabu vyako kwa sauti.

Chuo cha Birch Fork kilipokuchukua ukacheze mstari wa mbele katika timu yao ya mpira wa Kimarekani, Nyati, Baba asiyecheka alinunua kofia yenye pembe. Chuo ni kidogo, timu ni ndogo, lakini huku kwetu Jumamosi ya mpira hata mahindi yanasubiri.

Nyati wana desturi yao. Mazoezini helmeti haivuliwi mpaka Kocha Stroud apulize kipenga. Akiivua mmoja, wote wanaanza mbio upya. Ulilijua hilo. Ndiyo maana hukuivua.

"Vipi, trekta limezimika?" Deshon, mwenzako wa chumba, alikutania ulipoanza kuyumba.

"Linapasha moto tu, ndugu yangu," ukamjibu.

"Kaza, Sedlacek!" Kocha akafoka. "Unataka wenzako wakimbie kwa ajili yako?"

Hukutaka. Maisha yako yote hukutaka mtu ataabike kwa ajili yako. Ukaondoka mbio mara nyingine, ukaanguka kifudifudi.

Deshon alikuvua helmeti, akakimbilia hodhi la barafu, lile la kumtumbukiza mchezaji aliyezidiwa na joto. Siku hiyo walikuwa wamelijaza soda za wageni, wale matajiri waliosoma hapo zamani, waliokuja kuitazama timu na kula nyama choma. Deshon akaanza kuzitupa nje kwa mikono miwili.

"Taratibu, kijana," mmoja wao akasema. "Hizo ni za wageni."

Taratibu! Ulipoingizwa kwenye yale maji ulikuwa hutusikii tena.

Kisha msimu ukaanza. Wakabandika namba yako, sabini na moja, kwenye kila helmeti. Helmeti, Royce! Kabla ya kila mchezo walilibeba shati lako uwanjani, watu wakalia, wakapiga makofi. Wakashinda Jumamosi baada ya Jumamosi. "Hii ni ya Royce!" wakapiga kelele. Dukani watu walimshika Mama begani wakamwambia unatabasamu huko juu uliko. Kuhusu barafu hakuna aliyemuuliza.

Novemba wakachukua kombe. Kocha akalileta nyumbani, akaliweka katikati ya meza.

"Mama Royce, hili ni lake."

"Liondoe hapo," Mama akasema. "Nataka kuweka mkate."

Baba akamuuliza jambo moja tu: ile sheria ya helmeti, mmeifuta?

"Mzee Emil," Kocha akajibu, "sheria ile ndiyo iliyomfanya Royce awe Royce."

Baba akaenda kumfungulia mlango. Akaushikilia wazi, baridi yote ikaingia, mpaka mtu yule akachukua kombe lake akatoka.

Sasa wanatuita tena. Jumamosi hii, mchezo wa kwanza wa msimu mpya, wanataka tusimame katikati ya uwanja tupokee shati lako likiwa kwenye fremu. Na Agosti hii yote vijana wapya, watoto wa watu, wamefanya mazoezi juani kwa sheria ileile. Hatuendi. Mpaka waifute, wasilitaje jina lako kwenye kipaza sauti chao. Misa yako itasomwa kanisani kwetu saa ileile mpira unapoanza, na kila mtu wa hapa atachagua pa kukaa. Deshon amekwisha kuwarudishia jezi yao. Anasema ataimba na kwaya. Sauti yake unaijua, lakini Bibi amesema aachwe aimbe.

Tunaokukumbuka ni baba yako Emil, mama yako Lorene, Bibi Ludmila, Deshon ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii, na mimi dada yako Janelle. Hutatutoka moyoni, si leo, si msimu wowote.

Siku ya mazishi Kocha alinishika mkono mbele ya watu akaniambia uliyatoa maisha yako kwa ajili ya timu. Nilinyamaza, unanijua nilivyo. Leo nasema, na asome mwenyewe: hukuyatoa. Walikunyang'anya.